Sentimita 30 Juu ya Mzizi

Kwa sisi tunaosoma maliasili na uhifadhi, mti hupimwa unene kifuani, mita 1.3 kutoka ardhini. Raha tupu, mpaka ukutane na mkoko. Huo umesimama juu ya mizizi yake, kwa hiyo unapima sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, na mzizi wenyewe wakati mwingine umekuzidi kimo.

Kundi letu lilipelekwa Bagamoyo, kwenye mikoko ya upande wa Kaole, na ploti za mita 10 kwa 10, tepu, karatasi na gambuti za stoo. Mimi mtoto wa Singida, bahari nilikuwa nimeiona kwenye kalenda. Nikaing'ang'ania tepu, maana mwandishi wetu alikuwa dada mmoja niliyekuwa namtafutia sababu ya kunitazama.

Mchu na mkandaa, miti mingine ya msitu huo, ilipita vizuri. Tukafika kwenye mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya juu. Nikakwea mizizi, nikazungusha tepu, nikasoma kwa sauti ya mhadhiri, kisha nikaruka chini kishujaa.

Chini hapakuwepo.

Tope la mikoko ni laini mno, na hewa haipenyi. Ukivuta mguu, hakuna cha kuijaza nafasi yake, kwa hiyo tope nalo linakuvuta. Nikavuta wa kulia, wa kushoto ukazama. Nikavuta wa kushoto, wa kulia ukaona isiwe tabu, ukazama zaidi. Vikaa vya gando moja kubwa vikatoka mashimoni, vikasimama kunitazama.

Dada akauliza bila kuinua uso kwenye karatasi, "Na huyu tumpime kuanzia wapi?"

Wenzangu, badala ya kunivuta, wakatoa simu.

Ndipo akatokea mzee mmoja, peku, mkononi chuma chenye ncha iliyopinda, begani kapu la kaa. Anatembea juu ya mizizi bila hata kutazama chini. Nikamwamkia. Adabu ni adabu hata ukiwa kwenye tope mpaka mapajani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umepandwa lini?"

Kundi zima chali. Mzee hakucheka. Akatazama baharini, kwenye vijito ambako maji yalishaanza kurudi.

"Leo bamvua, maji yanajaa sana. Ikifika saa kumi, hapo ulipo inapita ngalawa. Toa miguu kwenye hayo maviatu, lala kifudifudi, utambae kama kenge."

Nikalala. Nikatambaa mbele ya wenzangu, mhadhiri akiwamo, tepu nimeibana kwa meno kwa sababu niliisainia. Mzee akachokoa kwa chuma chake, gambuti moja ikatoka na mlio ambao sitauandika hapa. Ya pili akaitafuta kidogo, maji yakamfika vifundoni, akaiacha. Akaokota kapu lake akaenda zake.

Siku ya kurudisha vifaa chuoni, mtunza stoo akaigeuzageuza ile gambuti moja.

"Nyingine?"

"Iko hifadhini, mzee. Mikoko ni msitu wa hifadhi, kutoa kitu mle mpaka kibali."

Akatikisa kichwa taratibu, nikadhani nimemkosha. Akavuta daftari, akaandika jina langu kwa herufi kubwa, na mbele yake: ALIPE JOZI.