Video umesharekodi, sawa. Ile saa ya darasani umeipeleka wapi?

Kila nikikuta watu wanabishana kuhusu madarasa yaliyogeuzwa na kozi za mtandaoni huko vyuoni, naona kama watu wanaoangalia mechi mbili tofauti halafu wanamgombania refa mmoja. Huyu anasema video ndo mkombozi, mhadhara umekufa, tuuzike. Yule anasema hizo video ni ujanja wa kufukuza wahadhiri na kumwachia mwanafunzi kazi ya kujifundisha mwenyewe. Na mimi nikisoma pande zote mbili najikuta naitikia tu, ehee, kweli, ehee, mpaka najishtukia.

Wazo lenyewe la kugeuza darasa wala sio la ajabu. Kawaida mhadhiri anakuja, anamwaga slaidi, watu wanaandika mpaka vidole vinauma, halafu yale maswali magumu unaenda kukutana nayo saa tano usiku ukiwa peke yako na hakuna wa kumuuliza. Kugeuza ni kusema hapana bwana, kile cha kumwagwa mtu akisikilize au akisome mwenyewe kabla, tukikutana ndo tupambane na yale magumu mwalimu akiwepo. Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia wa sekondari kule Colorado, ndo wanaotajwa sana kwa hili la video, walianza 2007 wakirekodi masomo kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi, baadaye wakajiuliza, kama somo limesharekodiwa basi kipindi chenyewe ni cha kufanyia nini?

Hilo swali la mwisho ndo mjadala wote ulitakiwa uwe hapo, na ndo linalorukwa.

Maana ukirudi nyuma kidogo kuna Eric Mazur, anafundisha fizikia Harvard. Alikuwa anajiona mwalimu mzuri tu, wanafunzi wanamsifia, mitihani wanafaulu. Siku moja akawapa testi ya kuelewa nguvu na mwendo, maswali ya maneno yasiyo na hesabu yoyote, mambo ya lori likigongana na gari dogo nani anamsukuma mwenzake zaidi. Akadhani watamcheka kwa kuwapa vitu vyepesi hivyo. Kumbe kuna mwanafunzi akamuuliza, nijibu kama ulivyotufundisha au kama mimi ninavyofikiri mambo yanavyokwenda? Hilo swali mimi lilininyima usingizi na wala sikuulizwa mimi. Yaani mtu amekaa darasani muhula mzima, ana fizikia mbili kichwani, moja ya mtihani na moja ya kuishi nayo. Basi kuanzia 1991 Mazur akabadilisha, watu wanasoma kabla, darasani anatupa swali, kila mtu anachagua jibu lake, halafu mnageukiana na jirani mnabishana, mnachagua tena. Sasa angalia hapo, video iko wapi? Haipo. Kuna kitabu na kuna ubishi.

Ndo maana zile kelele za 2012 kuhusu kozi za mtandaoni mimi ziliniacha njia panda. Mwaka mmoja kabla yake Sebastian Thrun na Peter Norvig walikuwa wamefungua kozi ya akili bandia ya Stanford kwa yeyote duniani, wakajiandikisha watu kama 160,000. Dunia ikachanganyikiwa! Zikaja Udacity, Coursera, edX, majukwaa ya kozi za mtandaoni, na magazeti yakaandika kana kwamba vyuo vitafungwa mwezi ujao. Kozi ya kwanza ya edX, ile ya saketi za umeme ya MIT, walijiandikisha karibu 155,000 na waliofaulu ni elfu saba na kidogo. Simcheki mtu, mimi mwenyewe nimejiandikisha kozi kumi na moja nikamaliza mbili, na moja kati ya hizo mbili nilikuwa tayari nalijua somo. Na nahisi hiyo ndo siri yake, wanaofika mwisho wa kozi hizi mara nyingi ni watu wenye digrii tayari, wameshajifunza jinsi ya kujifunza. Kwao ni hazina kweli, sibishi. Ila mtoto wa mwaka wa kwanza anayehitaji kushikwa mkono utamwambia naye akapambane na kioo cha kompyuta?

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni chuo kikuu cha San Jose State kule California, kwa sababu yote mawili, darasa lililogeuzwa na kozi ya mtandaoni tupu, yalitokea pale pale ndani ya muda mfupi. Waliichukua ile kozi ya saketi ya edX wakaitumia kwenye darasa moja, wanafunzi wanaangalia video nyumbani, wakija darasani wanafanya kazi kwa vikundi profesa akizunguka. Wakafaulu asilimia 91, wakati madarasa ya kawaida ya somo hilo hayakufika 60. Ni darasa moja tu, sio ushahidi wa kumfunga mtu, lakini ni kitu. Halafu 2013 chuo hicho hicho kikajaribu na Udacity kozi za mtandaoni tupu, zikiwemo za hisabati, na wengine waliojiunga walikuwa wameshafeli hesabu huko nyuma. Matokeo ya awamu ya kwanza yakawa mabaya mno, mpango ukasimamishwa. Mwaka ule ule idara ya falsafa ya pale ikagoma kutumia kozi ya mtandaoni ya profesa Michael Sandel wa Harvard, wakamwandikia barua ya wazi wakisema hofu yao ni tufike mahali kuna vyuo vya wenye nacho ambako mwanafunzi anakutana na profesa wa kweli, na vyuo vya wengine ambako anaangalia video ya profesa wa wenzake. Watu waliwaona wana wivu. Mimi nadhani waliona mbali.

Kwa hiyo video zilikuwepo kote kote, kilichotofautisha ni ile saa ya kukutana.

Na tafiti zinaelekea huko huko. 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi na hesabu vyuoni, kwenye mihadhara ya kawaida waliofeli walikuwa kama asilimia 34, kwenye madarasa ambayo wanafunzi wanashughulishwa kama 22. Mwaka uliofuata watafiti wa chuo cha Brigham Young wakafanya kitu cha akili, madarasa mawili yote ya kushughulisha watu, moja limegeuzwa na lingine halijageuzwa, matokeo yakawa sawa tu. Yaani kugeuza peke yake hakuna uchawi. Kunakupa nafasi, wewe ndo ujue unaijaza na nini.

Mimi mwanzoni, kwenye darasa langu ninalofundisha, niliijaza vibaya sana. Video yangu ya kwanza ilikuwa dakika 48, nani anaangalia hiyo, hata mimi sikuweza kuirudia. Darasani nikiuliza nani kaangalia, mikono sita. Kwa huruma nikawa nawarudishia somo lote wale wasioangalia, na wale sita wakaona kumbe sisi ndo wajinga, wiki ya tatu nao wakaacha. Nikawa nafundisha mara mbili na hakuna anayesoma hata mara moja. Nilipokuja kubadilika nikakata video ziwe vipande vya dakika sita saba, na kabla ya kipindi kila mtu ananiandikia mistari miwili, wapi umekwama. Naingia naanzia hapo walipokwama, asiyeangalia atajijua. Ilikuwa ngumu, mmoja alinitazama wiki nzima kama nimemlia pesa.

Na tathmini za mwisho wa muhula zikaja hivyo hivyo, "mwalimu hafundishi, tunajifundisha wenyewe". Mitihani wamefanya vizuri kuliko wenzao waliopita, lakini wamenuna. Nikaja kukuta utafiti wa 2019 uliofanyika Harvard kwenye fizikia, wanafunzi walioshughulishwa walijifunza zaidi ila wao wenyewe waliona wamejifunza kidogo, na wale waliosikiliza mhadhara mtamu waliona wameelewa kila kitu. Mhadhara mtamu unatelezesha bwana, unatoka umeshiba, njaa unaijua siku ya mtihani.

Sasa hapo ndo penye donda langu. Baada ya video zangu kukaa sawa wakubwa walizipenda, wakazisifia kikaoni, na muhula uliofuata wakaunganisha madarasa matatu kuwa moja kwa sababu eti somo si lipo mtandaoni. Kutoka watu arobaini hadi mia na ishirini na kitu, kwenye ukumbi wa viti vilivyopigwa misumari, utageukia jirani vipi? Ile mistari miwili ya kila mtu sikuweza tena kuisoma yote. Saa niliyoihangaikia usiku na mchana kuifungua ikahesabiwa kuwa akiba. Wanafunzi wakabaki na video tupu, na mimi nimerudi jukwaani na maikrofoni, namwaga.

Mwezi huu wameniomba nirekodi na kozi ya pili. Nimewaandikia kwamba nitarekodi, ila watu wasizidi arobaini na tano kwa darasa, na meza ziwe za kuhamishika. Wamejibu kuwa suala la meza linafanyiwa kazi. La idadi hawakuligusa.