Disemba 9 na Mbeya Peak: jamani tupange kwa mawingu, sio kwa holidei

Kila mwaka Novemba ikielekea kuisha kwenye grupu letu la WhatsApp lazima atokee mtu aandike "wana, Disemba 9 ni holidei, twendeni Mbeya Peak", na ndani ya dakika kumi watu kibao washaweka dole gumba, mchango ushatajwa, mratibu kapatikana. Habari ya mvua kule mlimani hakuna anayeuliza. Na mi nilishakuwa mmoja wa hao hao, kwahiyo msidhani naongea kama mjuaji.

Mwaka huo tulikubaliana kuondoka Mafiati saa kumi na mbili asubuhi, tukaondoka saa mbili na nusu kwasababu kuna sufuria la pilau lilikuwa halijaiva (pilau, mlimani, haya). Mjini jua kali mpaka watu wanavua masweta. Tunafika kule juu kwenye mgongo wa mlima, ambako ni nyasi na mawe tu na kitu kirefu kuliko vyote ni wewe mwenyewe, ishakuwa saa saba, ukungu ukapanda kutoka bondeni kama moshi wa kuni mbichi, hatuonani, halafu ikanguruma. Jamaa aliyekuwa mbele yangu nikaona vinywele vya kisogoni vimesimama. Mzee aliyekuwa anatuongoza hakubembeleza mtu, "Shukeni! Shukeni sasa hivi!", na mratibu wetu bado anasema si tumebakiza kidogo tu, tupige picha moja. Tulishuka kwa makalio, nyasi zimelowa zinateleza kama sabuni, pilau likabaki huko huko. Hakuna aliyeumia ila suruali yangu ilirudi nusu.

Radi huku kwetu ina maneno mengi, ikipiga tu watu wanaanza kutafuta nani kamtuma nani. Mi nasema kwa siku ile hakuhitajika mtu wa kututuma, tulijipeleka wenyewe. Mvua zetu huku ni msimu mmoja mrefu, Novemba mpaka Aprili hivi, na mtindo wake unajulikana hata na mama anayeanika mahindi: asubuhi kweupe, jua linachoma miteremko, hewa yenye unyevu inapanda, saa sita mawingu yameshajikusanya kwenye kilele, mchana inamwaga. Sasa wewe uliyechelewa na pilau unakutana nayo palepale inapopikwa.

Halafu ile hali ya hewa ya kwenye simu. Ukiandika Mbeya inakupa mji, na mji uko kama mita 1,700, wakati kilele kimepita 2,800. Kwa kila mita elfu moja unapoteza nyuzi sita sita na nusu hivi, kwahiyo simu ikisema 20 we toa saba, halafu weka na upepo. Mi utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) nauangalia kwa ajili ya kujua kama kuna mvua kubwa zinakuja wiki hiyo, ila asubuhi yenyewe natoka nje natazama mlima, na nampigia mwenyeji wa kijiji cha chini yake namuuliza jana mchana ilikuwaje. Ukisikia ngurumo hesabu sekunde tangu mwanga, gawa kwa tatu, ndio kilomita. Ila ukiwa kwenye mgongo ule usikae kupiga hesabu, geuka.

Na Rungwe msiichanganye humu. Ile ni karibu mita 2,960, inapokea unyevu wa Ziwa Nyasa, na watu wa Tukuyu wanajua hata Agosti mvua inaweza kukushtukiza, kwahiyo kule koti la mvua ni la mwaka mzima.

Kinachoniudhi ni kwamba holidei za kiangazi tunazo. Saba Saba ipo, Nane Nane ipo, ila Nane Nane mji mzima uko uwanjani kwenye maonyesho. Oktoba 14 nayo inafaa, japo moto wa mashamba unaweza kufanya usione mbali. Mi nachagua Saba Saba, na saa ya kugeuka tunaiandika kwenye grupu kabla hata ya mchango: saa tano kamili, uwe umefika hujafika, unageuka, na atakayemcheka mwenzake aliyegeuka atalipia nauli ya kurudi.

Juzi nimeiweka hiyo kwenye grupu. Jibu la kwanza: "Julai baridi bro tutakufa." Kweli baridi ipo, alfajiri nyasi za juu unaweza kuzikuta na barafu na upepo unakata masikio, lakini baridi inavaliwa. Mwanjelwa kuna majaketi ya mtumba mazito kweli ukiwahi bale linafunguliwa. Radi utaivalia nini?

Mpaka naandika hapa waliokubali ni watano. Yule wa sufuria hajajibu, ila nimeona tiki zimekuwa za bluu.