Feni la upepo: tazama nguzo kabla ya kilowati

Baada ya giza la kukatika umeme la 2008, na lile la mwisho wa 2009 lililotufikisha 2010, Mzanzibari hahitaji kuhubiriwa faida ya kuwa na umeme wake nyumbani. Lakini nikisikia mtu anachagua mtambo wa upepo kwa kusoma kilowati za kwenye boksi, najua ameanzia mkiani.

Kilowati hizo kwa kawaida ni za upepo wa mita 11 au 12 kwa sekunde, ule ambao mwenye ngalawa akiuona anakaa pwani. Na kasi ya upepo ikipungua nusu, nguvu yake haibaki nusu, inabaki thumuni, yaani moja ya nane. Chukua mashine ambayo duara la mapanga yake lina kipenyo cha mita 2. Kwenye mita 12 itakaribia kilowati moja. Upepo ukishuka hadi mita 5, hewa yote inayopita kwenye mapanga ina wati 235 hivi, na kanuni za fizikia hazikuruhusu uchukue zaidi ya asilimia 59 yake. Mashine ndogo ikikupa wati 60 au 70, shukuru: taa, simu, redio. Friji sahau.

Kwa hiyo muulize muuzaji kipenyo, kisha uniti ngapi kwa mwaka pale wastani wa upepo ukiwa mita 5. Akianza kuzunguka kuliko mashine yake, muage.

Nguzo sasa. Watu wanapenda kufunga feni juu ya paa kwa kukwepa gharama. Upepo wa juu ya paa umeshavurugwa na nyumba yenyewe. Mashine hugeukageuka bila kuzalisha cha maana, na mtetemo wake unaushuka ukuta usiku kucha. Mafundi wanataka mapanga yakizidi kwa kimo, kwa mita 9 au 10, kila kilicho ndani ya mita 150. Ukiwa na mnazi wa mita 20 jirani, hiyo ni nguzo ya mita 30, na zege lake, na waya za kuishikilia. Hesabu hiyo inaweza kuipita bei ya mashine. Dole na Kizimbani kwenye miti, Mji Mkongwe kwenye majumba: wekeni sola.

Mwenye kiwanja wazi Jambiani au Makunduchi ndiye namwambia afikirie, maana kusi linampiga usoni kuanzia Juni hadi Septemba. Wa Matemwe ana kaskazi. Hata hao wasiache sola, kwa sababu maleleji, upepo dhaifu wa kati ya misimu, yakiingia feni husimama kama pambo.

Halafu kuna chumvi. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na nguzo iwe na bawaba chini ili ilazwe kwa winchi, ikaguliwe na kusafishwa. Fundi wa kupanda mita 30 kila mwaka utamtoa wapi?

Mimi nakaa Bububu, minazi pande tatu. Pesa yangu imekwenda kwenye paneli na betri.