Supu haijifunzwi kwa maneno

Makala moja niliyoisoma inaiita filamu ya The Ramen Girl ya mwaka 2008 hadithi nyepesi ya mapenzi, jambo ambalo kwa maoni yangu si haki. Ni kweli kwamba Abby, Mmarekani anayeigizwa na Brittany Murphy, anaachwa na mpenzi wake mjini Tokyo, lakini kisa chenyewe kinaanza anapoingia katika jiko la mzee Maezumi, mpishi wa ramen (supu ya tambi ya Kijapani), asiyejua Kiingereza kama vile mwanafunzi wake asivyojua Kijapani, na ambaye kwa muda mrefu hamruhusu kugusa sufuria ila kwa kuisugua. Ukali wa mzee huyo, nakiri, unapita kiasi. Hata hivyo, mwenye kuchemsha mifupa kwa saa nyingi, akiengua povu mpaka supu ikolee, anaelewa kwa nini mwalimu anaonyesha kwa mkono badala ya kueleza. Ningependa pia mwandishi wa makala hiyo angetaja kwamba mzee mwingine, anayekuja kuonja supu ya Abby na kuitolea hukumu, anaigizwa na Tsutomu Yamazaki, yuleyule aliyeigiza dereva wa lori katika filamu ya Tampopo ya mwaka 1985, akimsaidia mjane kuboresha mkahawa wake wa tambi.