Udongo Unataka Kufunikwa na Kilicho Hai

Wiki iliyopita fundi wa bustani alisimama nami mbele ya nyasi zangu zilizokufa kwa ukame, akanishauri ning'oe mabaki yake, nitandike karatasi ya plastiki, nimwage kokoto juu yake na nisiwaze tena habari ya maji. Aliyasema hayo kwa nia njema, lakini tangu siku ile sijatulia, kwa sababu ushauri huo unawafanya watu wazike udongo ambao bado una uhai.

Katika jambo moja yuko sahihi, nami nakiri kwa shingo upande: nyasi zile hazistahili kupandwa upya. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo uwanja wa mita za mraba 100 ukipewa milimita 25 kwa wiki, kiasi ambacho nyasi nyingi za bustani hukihitaji wakati wa joto, hunywa lita 2,500, yaani madumu 125 ya lita 20. Jimbo la Nevada nchini Marekani lilitunga sheria mwaka 2021 inayokataza, kuanzia 2027, kutumia maji ya Mto Colorado kumwagilia nyasi za mapambo matupu kusini mwa jimbo hilo, ingawa nyumba za familia moja moja hazikuguswa.

Lakini kubana maji si sawa na kuua ardhi. Kokoto hunyonya joto la jua mchana kutwa na kulitoa polepole usiku, wakati ambapo nyumba na miti ingepaswa kupoa. Plastiki iliyo chini yake huizuia hata ile mvua kidogo tuliyoingoja kwa hamu, ikatiririka na kwenda zake badala ya kuzama penye mizizi. Kadiri miaka inavyopita, vumbi hujaa kati ya mawe, magugu huota humo humo, na mwenye bustani hubaki akichambua vipande vya plastiki vilivyochanika. Mimea tambazi, yaani ile mifupi inayotambaa na kufunika ardhi, hufanya kinyume kabisa: majani yake huutia udongo kivuli, mvuke wake hupoza hewa, na mizizi yake huyafungulia maji njia.

Kabla ya kung'oa chochote, chimbueni kidogo, kwa maana ukoka hukauka juu huku mashina yake yaliyo chini ya udongo yakiwa bado hai.

Kuhusu mmea wa kupanda, karanga tambazi hurutubisha udongo kwa naitrojeni, na jamii ya sedum huhifadhi maji katika majani yake manene. Ila ustahimilivu wa ukame peke yake hautoshi: Carpobrotus edulis, mmea tambazi wa Afrika Kusini wenye majani manene, ilipelekwa California kushikilia udongo kandokando ya reli, ikaishia kuisonga mimea ya asili ya pwani.

Tena msidanganywe kwamba mimea hii haihitaji maji. Kipande cha kwanza cha bustani nilichoipanda kilikufa kwa sababu niliacha kumwagilia katika wiki ya tatu, kabla mizizi haijashuka. Safari hii nimetandaza matandazo kati ya miche, na kila baada ya siku chache natia kidole udongoni. Nikikuta pakavu, namwagilia taratibu mpaka maji yazame chini kabisa, nami nitaendelea hivyo mpaka msimu wote wa kwanza uishe.