Siku Salvador Alipokufa Busia

Zamani kabla ya ving'amuzi, televisheni ya Shangazi ilitazamwa na watu wawili wawili: mmoja ndani, mmoja nje. Antena ilifungwa juu ya mwanzi mrefu kando ya nyumba, pale mtaa wa Sofia, Busia ya Uganda. Ukitaka kichekesho cha Papa Shirandula unauelekeza mwanzi Kenya. Ukitaka tamthilia za Kampala unaugeuzia magharibi. Kazi ya kuugeuza ilikuwa yangu. "Zungusha! Kidogo! Umepita! Rudisha! Hapo hapo, usipumue!" Basi nabaki nje nimekumbatia mwanzi, mbu wananila, huku ndani watu wanacheka. Kuna vipindi vizima vya miaka ile ambavyo mimi nilivisikia tu, sikuviona.

Papa Shirandula nilimpenda kwa sababu nilimwelewa. Askari wa lindo anayevaa suti akitoka nyumbani ili mkewe Wilbroda asijue anafanya kazi gani: wanaume kama huyo kwetu nawajua kwa majina. Na yule Charles Bukeko aliyemwigiza alikuwa mtu wa Busia, ya upande wa pili wa mpaka. Alipofariki Julai 2020 nililia kama mtu aliyefiwa na mjomba, na sioni aibu kusema.

Lakini iliyotutia wazimu kweli ilikuwa tamthilia ya Second Chance. Jina lake la Kihispania ni El cuerpo del deseo, na Telemundo waliitoa mwaka 2005. Sisi ilitufikia baadaye, imetiwa sauti za Kiingereza ambazo hazikuoana na midomo hata kidogo, na hakuna aliyejali. Hadithi yenyewe ni hii: tajiri mzee, Pedro José Donoso, anaoa msichana mrembo anayeitwa Isabel. Muda si muda anakufa. Roho yake inaingia katika mwili wa mkulima fukara, Salvador Cerinza, mwenye mke na mtoto wake. Salvador huyo anarudi kwenye jumba lake mwenyewe na kuajiriwa humo kama mtumishi, na anakuta mjane wake ana mwanaume mwingine. Fikiria! Unapika chai katika nyumba uliyoijenga, unamtilia mtu aliyelala kitandani mwako.

Salvador aliigizwa na Mario Cimarro, Mkuba mwenye nywele za kufika mabegani, na Isabel na Lorena Rojas wa Mexico, ambaye naye alitutoka mwaka 2015. Huyo mama alijua kuwa mbaya. Kina mama wa Sofia walimtukana usiku, na asubuhi wakaenda kwa fundi cherehani kuagiza gauni kama lake.

Sasa, wazee wa pale nyumbani Kiingereza hawakukijua. Uganda jambo hilo lina dawa yake: kwenye vibanda vya video kuna VJ, mtu anayeshika maikrofoni na kuitafsiri filamu huku inakwenda, tena kwa kuongeza chumvi, mpaka askari wa Marekani anajikuta anadaiwa kodi ya nyumba kule Bwaise, Kampala. VJ wetu sisi alikuwa Shangazi. Alitafsiri kwa Kiswahili, ameketi kwenye mkeka, miguu kainyoosha, na pale asipoelewa alijaza mwenyewe. Donoso alimwita Mzee Donosi. Isabel akawa Zabeli. Na Salvador, kwa kuwa sisi Wakatoliki jina hilo tunalo, akawa Salvatori.

Tatizo ni kwamba Salvatori tulikuwa naye. Chumba cha mwisho, karibu na choo, alikaa Mzee Salvatori na mkewe, Mama Petro. Mzee alikuwa na baiskeli moja, kofia moja, na biashara ya kuvusha vitu vidogo vidogo kutoka Kenya kwa njia ambazo watu wa forodha hawazipendi. Mara nyingine alilala ng'ambo, na simu yake kule haikupatikana. Kila mtu alijua hivyo, na hilo ndilo lilikuja kutuponza.

Siku hiyo asubuhi Shangazi alimpigia simu mdogo wake wa Tororo, ambaye umeme ulikatika kwake akakosa kipindi cha jana. Mtandao pale nyumbani ulishika mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya choo, tena kwa kupiga kelele. Mimi nilikuwa nimeshakwenda kazini. Alichosema nilikuja kuambiwa baadaye na yeye mwenyewe, na hata leo akikumbuka anajifunika uso kwa kanga:

"Nakwambia Salvatori alikufa! ... Ndiyo, Salvatori! Amekufa zamani, huyo unayemwona anatembea si yeye! ... Mkewe? Mkewe ana bwana! ... Humo humo nyumbani! Mwanaume kijana kabisa! ... Hee, yule mwanamke ni nyoka, hata machozi hana!"

Chini ya kichuguu, upande wa njia, kulikuwa na kijana wa rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai, akikanda unga wake. Alisikia yote. Akaacha unga, akaenda stendi ya bodaboda.

Habari ikipita stendi ya bodaboda haiwi habari tena, inakuwa taarifa rasmi. Ilipofika saa nne, Mzee Salvatori alikuwa amekufa. Saa sita, alikuwa amekufa kwa sumu. Saa nane, bodaboda wawili walitumwa hospitali ya Masafu kuangalia chumba cha maiti, wakarudi wakasema hayupo, na hiyo ikachukuliwa kuwa ushahidi kwamba mwili umefichwa.

Mimi nilifanya kazi na mawakala wa mizigo pale mpakani. Jioni narudi, nimechoka, sina hili wala lile, nikifika stendi naona mazungumzo yamekatika. Mmoja akaniuliza, "Wewe ndiwe wa chumba cha tatu?"

"Ndiyo."

"Kijana. Huna mke."

"Sina."

Wakatazamana. Mwingine akasema taratibu, "Na Mama Petro unamchoteaga maji."

Ni kweli nilimchotea, jeriken moja, kwa sababu mgongo ulikuwa unamsumbua. Nilitaka kueleza, lakini kwa jinsi walivyonitazama nikaona heri niendelee na safari. Walinifuata kwa nyuma, pikipiki zimezimwa injini, wanazisukuma. Jamani, mtu akikufuata na pikipiki iliyozimwa, jua mambo si mazuri.

Nyumbani nilikuta turubai limeshafungwa kwenye mwembe. Gogo la moto linawaka. Wanawake wameketi kwenye mikeka na magauni yao ya gomesi, sufuria ya maharagwe inatokota, na chairman wa LC, baraza la mtaa, yuko mezani na daftari, mbele yake karai la pesa za rambirambi. Nikauliza nani amekufa. Nikaambiwa. Nguvu zikaniishia, maana Mzee yule nilimpenda. Nikatoa elfu ishirini, noti niliyoiweka kwa ajili ya kodi. Chairman akaandika jina langu, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Wewe ulipaswa kutoa zaidi."

Aliyelia kuliko wote alikuwa Shangazi. Alikuwa ameshinda sokoni, akarudi akakuta matanga, na kwa kuwa ni jirani mwema akajitupa chini na kuanza. "Salvatori baba yangu! Umetuacha na nani!" Mama Petro mwenyewe alilia hadi mchana, mpaka alipopata habari kwamba ana bwana. Hapo machozi yalikauka. Nilimkuta ameshika mwiko wa posho, yaani ugali, anawauliza watu mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, nani amesema.

Baada ya muda Shangazi akanyamaza ili apumue, akamuuliza jirani, "Kwani alikufa vipi?"

"Wanasema zamani. Huyu tuliyekuwa tunamwona hakuwa yeye."

"Hakuwa yeye?"

"Ni mwili tu. Na mkewe ana mwanaume kijana humo humo nyumbani. Wanasema hata machozi hana."

Nilikuwa nimekaa karibu, nikamwona Shangazi uso unabadilika. Alianza kufungua mdomo. Akaufunga. Akanitafuta kwa macho kati ya watu, aliponipata akafanya ishara ndogo ya mkono, ile anayoifanyaga picha ikiharibika: zungusha, zungusha. Nikajiuliza nizungushe nini.

Wakati huo chairman alikuwa amesimama kuhutubia. Chairman yule alipenda kuhutubia. "Marehemu," akasema, "alikuwa mtu wa watu. Hakugombana na mtu. Na hakuacha deni lolote."

Mama wa mkaa akanyosha mkono. "Chairman, samahani. Magunia mawili."

"Na mimi," akasema fundi baiskeli. "Tairi la nyuma na spoku."

"Mimi ni elfu tatu tu," akasema mwingine, "lakini kwa kuwa amefariki namsamehe elfu moja."

Chairman akageuza ukurasa wa daftari, akaanza kuandika safu ya pili. Na hapo, kutoka gizani, nyuma ya watu wote, ikasikika sauti:

"Mkaa ulikuwa gunia moja! Tena lilikuwa na mawe!"

Watu wakageuka. Mzee Salvatori alikuwa amesimama na baiskeli yake. Sasa, ningependa msomaji alione hili vizuri. Mzee alikuwa amevusha unga wa ngano kwa njia ya panya, gunia likapasukia mgongoni. Alikuwa mweupe. Kofia nyeupe, kope nyeupe, mashavu meupe, na macho mekundu mawili katikati yake kwa ajili ya vumbi. Amewasha tochi ya baiskeli, mwanga unamtoka tumboni.

Nimewahi kuona watu wakikimbia mabomu ya machozi wakati wa kampeni. Si kitu. Kwenye matanga yale kila mtu alijua mguu niponye. Turubai lilishuka. Sufuria ya maharagwe ilipinduka, na hasara hiyo bado inaniuma kwa sababu sikuwa nimekula tangu asubuhi. Bodaboda waliokuja kunikamata walisahau kwamba pikipiki zao zina injini, wakakimbia kwa miguu. Chairman alikimbia na daftari akaacha karai. Watoto wa darasa la tatu, ambao Second Chance wanaijua kuliko Sala ya Baba Yetu, ndio pekee walioelewa kinachotokea. Walipiga kelele kwa furaha: "Roho imerudi! Imepata mwili wake!"

Aliyebaki ni Mama Petro, na mwiko. Alimwendea mumewe, akamgusa shavu kwa kidole kimoja, akatazama ule unga, akaulamba. Kisha akampiga na mwiko begani. "Unalala wapi?"

Nyuma ya choo mzee mmoja alipata ujasiri, akauliza bila kutoa kichwa, "Wewe ni Salvatori yupi?"

"Yupi tena? Yule anayekudai elfu tano!"

Hapo watu wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wakitafuta kandambili zao. Shangazi ilibidi aeleze. Alieleza amesimama, kanga kaishika kwa mikono miwili, na nitamsifu hadi kesho kwamba hakuruka hata sehemu moja: kuanzia Mzee Donosi kuoa Zabeli, roho kuhama, mpaka kipindi cha jana. Alichukua karibu saa nzima. Wengine ambao hawakuwa wafuatiliaji walikaa chini kabisa wakasikiliza. Kijana wa rolex alipotafutwa hakupatikana. Alihamia Malaba, naambiwa biashara inamwendea vizuri.

Mimi tangu siku hiyo naamini kwamba anayebuni tamthilia hizi anajua jambo moja kubwa. Kila mtu, tajiri au fukara, anataka kusimama nyuma ya matanga yake asikilize. Donoso alilazimika kufa na kuhamia mwili mwingine ili ajue mkewe ni mtu wa namna gani. Mzee wetu alijua madeni yake yote, ya kweli na ya kusingiziwa, kwa gharama ya gunia moja la unga.

Ila pesa zilizua kesi. Watu walitaka rambirambi zao. Mzee Salvatori alikuwa ameshaliweka karai kati ya miguu yake, anajipangusa unga. "Hizi mlimletea nani?"

"Wewe."

"Basi zimefika."

"Lakini hukufa!"

"Nitakufa. Haraka ya nini? Siku hiyo msilete kitu, mmeshalipa." Akamwambia chairman aandike. Chairman akafikiri kidogo, akaona mantiki, akaandika chini ya orodha: WAMELIPA MAPEMA. Jina langu limo hadi leo na elfu ishirini zangu, na mwenye nyumba hakukubali kuliona daftari hilo kama risiti ya kodi.

Kwa pesa zile Mzee alinunua viti viwili vya plastiki. Kimoja alikipeleka kwa Shangazi kesho yake jioni, akakaa mbele kabisa, karibu na televisheni, akasema anataka kumwona huyo mtu anayetembea na jina lake. Mimi nikatumwa nje kwenye mwanzi kama kawaida. Akawa anakuja kila siku. Na kila jioni, kabla muziki wa kuanzia haujaisha, nilimsikia akiuliza:

"Mama, leo nimekufa?"

"Bado, Mzee. Leo unamwendeshea mkeo gari."

"Na yule kijana?"

"Yuko kiti cha nyuma."

"Simamisha gari," Mzee anaiambia televisheni. "Simamisha gari nishuke nimwonyeshe."