Achaneni na Steringi, Mtazameni Aliye Pembeni Yake

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tulijua sheria moja kabla hatujajua hata majina ya waigizaji: steringi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, ataangukiwa na jengo zima, lakini dakika za mwisho lazima arudi. Nadhani sheria hiyo ndiyo iliyotunyima nusu ya utamu wa filamu. Mtu unayejua kabisa kwamba hawezi kufa, utamhofia ya nini? Wa kumtazama roho ikiwa juu ni yule anayetembea kando yake, ambaye hakuna aliyemwahidi chochote.

Mchukueni Oti wa Nairobi Half Life, filamu ya David "Tosh" Gitonga ya mwaka 2012. Steringi ni Mwas, kijana wa kijijini anayeingia Nairobi na ndoto ya kuwa mwigizaji. Joseph Wairimu aliicheza nafasi hiyo vizuri mno, na tuzo ya mwigizaji bora aliyopewa kwenye tamasha la Durban mwaka huohuo ilikuwa haki yake. Lakini Mwas ana pa kukimbilia. Ana jukwaa, ana mistari ya kukariri, ana watu wanaosubiri kumwona akiigiza. Oti, aliyechezwa na marehemu Olwenya Maina, hana kitu zaidi ya genge lake la wezi pale Gaberone, hapohapo Nairobi. Wanakutana mahabusu, Mwas akiwa ndio kwanza amefika mjini na ameshaporwa kila kitu. Wengi husema Oti ndiye aliyempoteza yule kijana. Mimi sikubali. Katika jiji lote lile, siku ile, nani mwingine alimwambia njoo? Filamu inapoisha Mwas yuko jukwaani na Oti ameshakufa, na kila ninapoirudia siwezi kumfurahia Mwas bila kumdai Oti kwa aliyeitengeneza.

Upande wa tamthilia, kwangu hakuna inayoifikia The Wire ya HBO, iliyorushwa kuanzia 2002 hadi 2008, kisa chake kikiwa Baltimore, Marekani. Wapenzi wake wakikutana utasikia McNulty yule mpelelezi, utasikia Omar, mporaji wa wauza unga, na bunduki yake. Mimi nikianza nawaanza vijana watatu wanaouza unga kwenye makazi ya watu maskini: Wallace, Bodie na Poot.

Sehemu ya 6 ya msimu wa kwanza inafunguka asubuhi. Maiti ya kijana aliyeteswa imelazwa juu ya gari, uani kabisa, ili kila mtu aione. Kamera inaufuata waya wa umeme wa wizi mpaka ndani ya nyumba iliyotelekezwa, na humo tunamkuta Wallace akiamka. Anaamsha kundi la watoto wadogo wasio na mtu mzima wa kuwaangalia, anawapanga waende shule, anampa kila mmoja pakiti ya juisi na kipakiti cha krispi. Ana miaka 16 tu. Na yule aliyelala juu ya gari ni yeye Wallace aliyemwona na kutoa taarifa kwa wakubwa zake. Hakuna anayetusomea hotuba kuhusu umaskini wala dhambi. Tunaonyeshwa krispi na maiti asubuhi moja, basi.

Halafu inakuja sehemu ya 12, iliyoandikwa na George Pelecanos. Bodie na Poot wanatumwa kumuua Wallace, rafiki yao. Wallace ni Michael B. Jordan, huyuhuyu ambaye dunia nzima ilikuja kumjua kama Killmonger wa filamu ya Black Panther, wakati huo akiwa bado mtoto kabisa. Wanaingia naye kwenye ile nyumba, watoto hawapo, na taratibu anaanza kuelewa. Anawasihi. Bodie, mwenye mdomo mrefu kuliko wote mtaani, mkono unamtetemeka na maneno yanamwishia. Nimeona filamu nyingi za vita zilizoua maelfu bila kunitikisa. Hii imeua mmoja tu, na sijawahi kuitazama nikala chakula muda uleule.

Sasa angalieni uvumilivu wa waandishi hawa. Bodie hawamtupi. Hawamgeuzi jambazi wa kuchukiwa wala hawamtafutii toba ya haraka. Wanamwacha aendelee kusimama kwenye kona yake, msimu baada ya msimu, akinenepa kidogo, akichoka kidogo, huku wakubwa wake wakifungwa na kuuawa. Mwisho wa msimu wa nne, mwaka 2006, anakaa kwenye benchi na McNulty na kutoa la moyoni: kwamba yeye alikuwa mtiifu tangu utotoni, hakuiba hela ya mtu, hakumtaja mtu, na walio juu hawakumlipa utiifu huo hata siku moja. Wauaji wanapomfuata usiku, Poot anambembeleza akimbie. Bodie anakataa kuiacha kona. Nilimlilia. Nilimlilia mtu aliyemuua Wallace, na Wallace nilikuwa sijamsahau. Tamthilia inayoweza kukufikisha hapo imekuheshimu kama mtazamaji.

Na Poot? Msimu wa tano tunamkuta akiuza viatu dukani. Ni dakika chache tu, lakini kwa aliyewafuata wale watatu tangu mwanzo, zinatosha.

Ndiyo maana naumia ninapotazama tamthilia zetu nyingi. Dada wa kazi anaingia na sinia ya juisi, anasikia siri ya familia, anatoka. Sehemu 40 zinapita hatujui kwao ni wapi wala mshahara wake anautuma kwa nani. Mlinzi yupo getini kwa ajili ya kufungua geti na kuchekesha. Watu hawa wanalala ndani ya nyumba ileile yenye mali inayogombewa! Wana macho, wana madeni, wana mapenzi. Mwandishi ambaye angewapa hata theluthi ya muda anaompa bosi na wake zake wawili angepata kisa chenye nguvu mara mbili. Waigizaji tunao, hilo halina mjadala. Mzee Majuto, Mungu amrehemu, alikuwa akiingia dakika tano kwenye filamu ya mtu mwingine na ukitoka unamkumbuka yeye.

Inawezekana kabisa kufanya hivyo hapa kwetu. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, inamhusu Jo, mtoto mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na kijiji kizima kinachoungana ili aamini kwamba ana nguvu za ajabu. Stycie Waweru anapendeza sana kama Jo. Ila mtazameni mama yake, Marrianne Nungo, anayeukataa mchezo ule kwa kuwa ndiye atakayebaki. Filamu haimlaumu kwa kukataa kwake. Inamngoja.

Ipo pia Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin amemkimbia mume aliyeozwa, anampenda Denge mpigania uhuru, na macho ya wote yako kwa hao wawili. Ya kwangu yako kwa Mwajuma, aliyechezwa na mwimbaji Siti Amina. Ndiye anayempokea Yasmin wakati kumpokea ni kujitafutia maneno ya watu. Akiingia yeye, nyumba inapata sauti na joto, na mtaa wa Ng'ambo unaacha kuwa mandhari tu, unakuwa mahali pa watu wanaoishi. Ningekuwa na uwezo ningempa tamthilia yake mwenyewe, misimu mitatu: alikotoka, nani aliwahi kumfungulia mlango yeye, na aliishije mjini mle baada ya wapenzi wale kuondoka maishani mwake. Shivji, au yeyote mwenye kamera na moyo, naomba alifikirie.